SOMO: Tundu kwenye gamba la kale ni la mwindaji au uharibifu tu?

Wakuu, habari za wakati huu. Picha za magamba yenye tundu zinamiminika, na swali ni lile lile: "Hili limetobolewa na konokono?" Naandika mara moja, nitakuwa naelekeza watu hapa. Swali lenyewe ni zuri. Visukuku (mabaki ya viumbe wa kale) vingi vinatuambia nani aliishi wapi, lakini tundu linatuambia nani alimla nani, na ushahidi wa namna hiyo ni adimu.

1. Osha gamba kwa maji na mswaki laini.

2. Kusafisha tundu. Hapa ndipo vielelezo vingi vinapoharibika. Tundu la kisukuku mara nyingi limejaa mchanga ulioganda, na mkono unawasha kuchokonoa. USITUMIE sindano wala msumari. Ukingo wa tundu ndio ushahidi wenyewe. Chuma kikishaukwangua, huwezi tena kujua nani alitoboa. Loweka usiku kucha, kisha zungusha taratibu kijiti cha meno kilicholowa. Siki na ndimu ni MARUFUKU: gamba ni chokaa, asidi inalila, na tundu lenye kuta zilizonyooka linageuka bakuli la uongo. Gamba lililolainika kama chaki usililoweke kabisa. Na mchanga ukigoma, uache. Tundu lililojaa bado unaweza kulipima kipenyo kwa nje.

3. Kutazama umbo. Tumia lenzi inayokuza mara 10. Konokono wa jamii ya Naticidae, wanaowinda wakiwa wamejifukia mchangani, huacha tundu lenye mdomo mpana nje na jembamba ndani. Wale wa Muricidae, wanaotambaa juu ya miamba na magamba, kwa kawaida huacha kuta zilizonyooka. Yote mawili ni duara safi, yanaanzia nje na kuingia wima. Tundu la pweza ni dogo, mara nyingi lina umbo la yai. Spanji, mnyama wa baharini asiyehama, hutoboa vitundu vingi vinavyoungana kwa vyumba chini ya uso. Mawimbi yakisugua, gamba linakuwa jembamba pande zote za tundu na ukingo unachanika ovyo.

4. Kuhesabu. Kombe lina pande mbili, na mwindaji kwa kawaida hutoboa mmoja tu. Ukiwa na pande 200 zilizoachana, 30 zina tundu, basi unazungumzia wanyama 100. Waliotobolewa ni 30 kwa 100, si 15.

5. Andika mahali, tabaka na tarehe siku hiyo hiyo.

MASWALI

Kijana wa Feri: Mkuu nimeokota hili, ni konokono?

Mwandishi: Picha ni ya ndani tu, na imepigwa gizani. Hatua ya 3.

Kijana wa Feri: Sawa, lakini linauzwa bei gani?

Mwandishi: Sishughuliki na bei. Visukuku vinalindwa na sheria: Kenya ni ya Makumbusho na Urithi ya 2006, Tanzania ni ya Mambo ya Kale ya 1964. Kama huna kibali, piga picha, kiache kilipo.

Mama Bahari: Mwalimu, mimi niko Mombasa. Mwamba wa matumbawe hapa ufukweni una mashimo yanayoenea kidole. Wawindaji nao?

Mwandishi: Hapana dada, na asante kwa kuangalia. Mwamba huo ni wa takribani miaka 125,000, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mashimo ya ukubwa huo mara nyingi ni ya kome wa Lithophaga, anayejichimbia nyumba ndani ya jiwe. Chungulia kwa tochi, pengine gamba lake bado limo. Mwenye nyumba huacha shimo refu la kukaa. Mwindaji hupenya gamba, akala, akaondoka.

Neema_Tanga: Nina upande wa kombe wenye tundu lisilofika ndani. Nilihesabu au niache?

Mwandishi: Usiliache, ila liweke safu yake peke yake. Angalia sakafu yake: Naticidae aliyekatishwa huacha kinundu katikati. Konokono huyu hutumia asidi kutoka tezi maalumu, kisha hukwangua kwa ulimi wenye meno, kwa zamu, saa nyingi mfululizo. Katikati ya kazi kombe anaweza kuponyoka, au mwindaji naye akavamiwa. Matundu hayo ndiyo yanayotuonyesha mawindo walivyojinusuru.

Mzee wa Hoja: Nadharia tu. Mlikuwepo?

Mwandishi: Naticidae wapo hai leo kwenye mchanga wetu, na watafiti wamewatazama wakitoboa. Tundu wanaloacha ni lile lile.

Neema_Tanga: Tundu la zamani kuliko yote ni la lini?

Mwandishi: Miongoni mwa ya kale kabisa ni yaliyo kwenye vimirija vya Cloudina, mnyama wa kale wa baharini, kutoka Shaanxi, China, vya takribani miaka milioni 550. Watafiti Bengtson na Zhao waliyaeleza mwaka 1992. Aliyetoboa hajulikani.

Mama Bahari: Na wasiolana je?

Mwandishi: Tafuta picha za krinoidi (wanyama wa bahari wenye umbo la ua) wa Crawfordsville, Indiana, Marekani, wenye konokono Platyceras juu ya tundu lao la haja. Wengi wanaamini alikula kinyesi, wengine wanasema aliiba chakula. Kwamba aliishi pale muda mrefu, hilo liko wazi: mdomo wa gamba lake umekua ukifuata kila bonde na mwinuko wa mwenyeji. Ukikuta mirija ya minyoo juu ya kombe na unataka kujua kama waliishi pamoja, angalia ilipoota. Ikiwa ndani, au imevuka mshono wa pande mbili, kombe alikuwa ameshakufa.

Fundi Lenzi: Wakuu, kwa picha zimeni flashi. Tochi iwekwe ubavuni, karibu usawa wa meza, kivuli kitaonyesha mteremko wa ukingo.

Mwandishi: Kweli kabisa. Weka na rula ndani ya picha.

Neema_Tanga: Nimebonyeza plastisini kwenye tundu, imetoka na umbo la bakuli!

Mwandishi: Safi sana. Gamba likiwa gumu, njia hiyo ni nzuri. Likiwa la chaki usithubutu, itang'oa ukingo. Tuma picha ya hiyo plastisini kwa ubavu, na kipenyo cha nje na cha ndani.