Kupima mahubiri yanayoingia kwenye simu

Korosho ikifika ghalani, mkaguzi wa ubora haridhiki na mshono wa gunia. Huchukua sampuli, akaikata na kutazama punje. Klipu ya mahubiri iliyotumwa kwenye kundi la jumuiya au la kwaya nayo ikatwe kabla hujaisambaza. Kisu chake ni Biblia uliyo nayo nyumbani.

Kwanza isikilize mpaka mwisho, karatasi mkononi, uandike mambo matatu: amesoma andiko gani, anasema linafundisha nini, na anataka ufanye nini. Klipu nyingine huanguka papo hapo. Utakuta ushuhuda, utakuta amina nyingi na namba ya kutumia sadaka, lakini andiko hulioni.

Andiko likiwepo, usisome mstari huo peke yake. Soma sura nzima, na ikiwezekana iliyotangulia na inayofuata. Kazi hii haizidi nusu saa, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Chukua Luka 6:38, kile kipimo cha kujaa, kushindiliwa na kusukwasukwa, kinachopendwa sana na wanaohimiza "kupanda mbegu", yaani kutoa pesa ili urudishiwe zaidi. Rudi nyuma mstari mmoja tu: Yesu anazungumzia kutohukumu na kusamehe. Rudi hadi wa 35, utamkuta anaagiza kukopesha bila kutumaini malipo. Anayeutumia mstari wa 38 kukuahidi kwamba elfu hamsini itarudi laki tano ameuruka ule wa 35.

Au Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Maneno hayo yaliandikwa kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia wangoje miaka sabini. Mstari wa 8, katika barua hiyohiyo, unaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao. Sura ya 28 inamweleza Hanania, aliyetangaza kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli ingevunjwa; Yeremia akamwambia Bwana hakumtuma. Ajabu ni kwamba mstari wa 11 husomwa kwenye klipu za unabii wa haraka, ilhali mistari ya jirani yake inaukataa unabii wa namna hiyo.

3 Yohana 1:2 nayo, "naomba ufanikiwe katika mambo yote", ni salamu ya mzee kwa rafiki yake Gayo. Salamu njema, lakini si mkataba wa utajiri.

Unabii wenye tarehe upime kwa Kumbukumbu la Torati 18:22: neno lisipotimia, Bwana hakulinena. Iandike tarehe ukutani, usubiri. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alitaja Mei 21, 2011 kuwa siku ya kunyakuliwa watakatifu; ikapita, akasogeza hadi Oktoba, nayo ikapita. Marko 13:32 ilikuwa imekwisha kusema hakuna aijuaye siku hiyo.

Kabla ya kumlaumu mhubiri, tafuta mahubiri kamili. Sekunde arobaini zinaweza kukatwa mahali alipokuwa akinukuu fundisho analolipinga. Siku hizi hata sauti ya askofu hutengenezwa kwa kompyuta. Kama anaomba pesa kwa sauti unayoifahamu, muulize paroko, kasisi au mchungaji wako kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyokuja na klipu.

Hapa pana kosa la upande wa pili. Mwanglikana wa Masasi akisikia Mpentekoste akinena kwa lugha, au Mlutheri akimsikia Mkatoliki wa Ndanda akimwomba Bikira Maria awaombee, hiyo ni tofauti ya madhehebu, na haitoshi kumwita mtu nabii wa uongo. Kipimo cha kiini ni Kanuni ya Imani, ile ya Mitume au ya Nikea ambayo mzizi wake ni mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 325. Anayemkana Kristo aliyekuja katika mwili, aliyekufa na kufufuka, ametoka nje ya uzio (1 Yohana 4:2-3). Anayejiweka yeye katikati, kwamba bila maombi yake au maji yake huponi, yuko mlangoni.

Mhubiri akikuambia uache dawa, zima simu. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Ukikatiza kwa kuwa umeombewa, vimelea vinaweza kuwa sugu na dawa za mwanzo zisifanye kazi tena. Ombewa, na dozi uimalize.

Pesa iwe na kanuni yake: sadaka haitumwi siku uliyoisikia klipu. Lala nayo usiku mmoja, na malipo ya mnada wa korosho yakiwa yameingia, lala nayo wiki. Kabla ya namba ya siri soma jina linalotokea. Likiwa la mtu binafsi na mahubiri yametaja kanisa, acha. Ujumbe wa utapeli utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli Tanzania, pamoja na namba iliyoutuma. Ikiwa pesa imeshatoka, piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo, wala usifute meseji ya muamala, kwa kuwa kumbukumbu namba yake ndiyo watakayoiomba kwanza.