Somo: Seli ndugu, jeni zilezile, tabia mbili

Shuleni tulichorewa jeni za laktosi kama swichi ya taa, tukakariri, tukafaulu mtihani. Hatukuambiwa kwamba kila seli ina swichi yake, na haziwashwi kwa pamoja.

Hatua ya 1. Anza na seli moja ya E. coli, bakteria wa utumbo. Chakula kikiwa kizuri hugawanyika kila dakika 20 hivi. Baada ya saa 7 unazo zaidi ya milioni 2, karibu zote nakala ya mama mmoja.

Hatua ya 2. Tazama jeni zinazoshughulikia laktosi, sukari ya maziwa. lacZ hutoa kimeng'enya cha kuikata, lacY hutoa mlango wa kuiingiza ndani. (lacA ipo pia, tuiache.) Kwenye DNA, mwanzoni mwa jeni hizo, hukaa protini ya kizuizi. Ikikaa, jeni hazisomwi: swichi imezima.

Hatua ya 3, penye utamu wenyewe. Kizuizi huachia mara mojamoja, bahati tu. Seli iliyobahatika hupata milango michache. Milango inaingiza sukari, sukari inang'oa kizuizi, milango inazidi, sukari nayo inazidi. Jirani aliyekosa bahati hana mlango: sukari imemzunguka tele na hana habari.

Hatua ya 4. Tia TMG, sukari bandia inayong'oa kizuizi lakini seli haiwezi kuila. Ikiwa nyingi, zote zinawaka. Ipunguze. Aaron Novick na Milton Weiner walionyesha mwaka 1957 kwamba hapo baadhi ya seli huwa zimewaka kabisa na nyingine zimezima kabisa. Ukipima chupa nzima hulioni hilo. Ni kama kupima umeme kwenye transfoma ya mtaa: nusu ya nyumba zinang'aa, nusu ziko gizani, nawe unadhani kila nyumba ina mwanga hafifu.

MASWALI

— Mwalimu, hayo si mabadiliko ya jeni?
Hapana. Ondoa TMG: hakuna milango mipya, ile ya zamani inagawanywa nusu kila kizazi, na baada ya vizazi kadhaa ukoo wote umezima.

— Kwa hiyo watoto hawarithi kitu?
Wanarithi, ila si kupitia DNA. Kuna kiwango cha TMG kisichotosha kuwasha seli mpya, lakini kinatosha kwa zilizokwisha kuwaka: mtoto anazaliwa na milango ya mama, anaendelea. Chupa mbili, kiwango kimoja, moja imewaka na nyingine imezima kwa vizazi vingi.

— Ndio hawa bakteria wanaobaki hai baada ya dozi ya antibiotiki?
Hao wana mtambo wao tofauti. Mwaka 1944 Joseph Bigger aliona penisilini ikiua karibu bakteria wote wa Staphylococcus, wachache wakasalia. Alipowaotesha upya, wazao wao walikufa kwa dawa ileile. Hawakuwa sugu. Alivyoeleza yeye, walikuwa wamesita kugawanyika kwa muda, na penisilini huua seli inayojenga ukuta wake.