Somo: Kusafirisha aksolotli kwa gari, Minneapolis hadi Columbus

Nimehama na aksolotli wangu wawili (salamanda wa Meksiko wanaoishi majini) kutoka Minneapolis hadi Columbus, Ohio, kilomita kama 1,200, saa 13 pamoja na kusimama kwa mafuta na chai. Wote walifika wazima. Safari yangu ya kwanza, fupi kuliko hii, nusura nimuue mmoja kwa huruma: nilimlisha usiku wa kuamkia safari eti asiondoke na njaa. Kufika nusu ya njia, maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele. Njiani mnyama huyu hauawi na njaa. Huuawa na joto, na uchafu wake mwenyewe.

1. Siku mbili kabla, acha kumlisha. Mkubwa mwenye afya hata nyumbani halishwi kila siku. Tumbo tupu, amonia kidogo, yaani ile sumu ya uchafu wake majini.

2. Tafuta deli, kama lile la wauza aiskrimu wa Dar. Ndani yake weka ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ambayo haijawahi kushika sabuni. Kila mnyama na ndoo yake, maana wakibanana hung'atana miguu. Najua mguu huota tena, lakini kidonda ndani ya maji machafu ni balaa jingine. Maji yafike nusu tu, juu ibaki hewa. Mawe na mapambo yasiwemo, gari likiruka yatampiga.

3. Joto ndilo la kuhangaikia. Lenga nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Ikifika 24 yuko hatarini. Gandisha chupa za maji, zifunge taulo, uziweke kando ya ndoo. Barafu usiitie ndani ya maji, baridi ya ghafla nayo humdhuru. Nilitumia kipimajoto cha waya, nikawa nasoma bila kufungua deli kila mara. Deli likae kiti cha nyuma, lifungwe mkanda, kiyoyozi kikiwaka. Buti, hapana. Na gari likizimwa juani usimwache humo. Sisi tulikula kwa zamu.

4. Sponji ya filta isafiri ikiwa imeloa maji ya tangi la zamani, chombo kisizibwe hewa. Bakteria wanaoshughulikia amonia wanaishi humo; ikikauka, au ukiiosha kwa maji ya bomba, utaanza tangi upya kwa wiki kadhaa. Tangi lenyewe libebwe tupu. Kulibeba na maji ni kutafuta ufa.

5. Ukifika, tayarisha tangi kwanza. Iweke ndoo ndani yake ielee nusu saa, kisha ongeza maji ya tangi ndani ya ndoo kikombe kikombe. Chakula ni kesho yake.

MASWALI

Swali: Maji ya bomba nikiyaacha wazi usiku kucha, si klorini inaisha?
Jibu: Klorini ndiyo, kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia) haiondoki hivyo, na miji mingi ya Marekani huitumia. Nunua dawa ya kuondoa zote mbili, na ubebe madumu mawili ya maji yaliyokwisha tiwa dawa. Maji yakichafuka njiani, badilisha nusu.

Swali: Kaka, mimi naelekea California. Napita nao vipi?
Jibu: Hupiti nao, dada. California hairuhusu kufuga aksolotli bila kibali maalumu. Wanahofia wakitoroka watawadhuru salamanda wa asili wa kule. Mtafutie mlezi mwingine mapema. Wengine pia, angalieni sheria za kila jimbo la njiani kabla ya kufunga mizigo.

Swali: Nina chura wa maji, yule wa kusini mwa Afrika mwenye kucha miguuni. Hatua ni hizihizi?
Jibu: Karibu zote. Ila yeye anapumua kwa mapafu, lazima afike juu kuvuta hewa, kwa hiyo maji yawe ya kina kifupi. Mfuniko uwe na matundu madogo na ufungwe kwelikweli. Anateleza kama sabuni, na akipata upenyo utamtafuta chini ya viti.

Swali: Matamvua ya wangu yamekunjamana mbele tangu tufike jana.
Jibu: Huo ni msongo. Pima amonia leo, zima taa, mwache atulie. Kama hata kesho hali chakula na matamvua bado yamekunjamana, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayetibu amfibia.