Gari-nyumba linavuja ndani na hujui ni nini? Anzia hapa

Kapeti imelowa karibu na kitanda, mvua haijanyesha tangu juzi, na chini ya sinki pakavu kabisa. Wengi wetu huku ughaibuni tunanunua magari-nyumba yaliyokwisha kutumika, na tukikuta hali hiyo tunakimbilia tyubu ya silikoni. Iache kwanza. Ukiziba usichokijua, maji yatatafuta upenyo mwingine, halafu fundi anayelipwa kwa saa atakutoza muda wa kubandua silikoni yako kabla hajaigusa kazi yenyewe.

Kabla ya kuuliza panavuja wapi, jua kinachovuja. Chomoa waya wa umeme wa nje, vaa glavu, kandamiza karatasi nyeupe ya jikoni pale palipolowa, kisha itazame kwenye mwanga. Maji safi hayana rangi wala harufu. Ya sinki yananuka sabuni na mafuta yaliyochacha. Ya choo utayajua bila msaada wangu. Kimiminika kikiwa na utelezi, harufu tamutamu na rangi ya kijani, chungwa au waridi, yaelekea ni kulanti, maji ya kupoozea injini. Usionje hata kidogo, na mfungie mbwa mbali: ethilini glaikoli iliyomo kwenye kulanti ni sumu, na kiasi kidogo tu humuua mnyama. Waridi pekee inaweza pia kuwa dawa ya kuzuia mabomba yasigande, iliyoachwa na mwenye gari wa kwanza. Mafuta mekundu mara nyingi ni oili ya haidroliki, kutoka kwenye jeki za kusawazisha gari au chumba kinachotoka ubavuni.

Uvujaji wa aina moja tu hauhitaji upelelezi. Ukisikia harufu ya kuunguza pua karibu na friji inayotumia gesi, au ukiona unga wa njano nyuma yake, hiyo ni amonia pamoja na kemikali ya kuzuia kutu, na zote mbili ni hatari. Fungua madirisha, zima friji kama unaifikia, toka nje. Friji hiyo haizibwi. Mfumo wake wa kupoozea hubadilishwa mzima.

Kulanti nyuma kabisa ya gari, mita nyingi kutoka kwenye injini, huwachanganya hata mafundi wa kawaida wa magari. Baadhi ya magari haya yana mipira inayotoa kulanti ya moto kwenye injini na kuipeleka chini ya sakafu hadi kwenye hita ya maji au kipasha joto kilicho chini ya kitanda. Mengine, kama yenye mfumo wa kupasha joto wa Alde, yana mzunguko wao wa maji yenye glaikoli ndani ya kabati na kuta. Bandika kipande cha utepe kwenye usawa wa kulanti katika kichupa cha akiba cha kila mfumo, injini ikiwa imepoa, uangalie tena baada ya safari. Kichupa kilichopungua ndicho kitakachokuonyesha mfumo wa kufuata. Kifuniko cha rejeta ya moto usikiguse.

Kama ni maji safi, acha pampu ikuambie. Funga bomba zote, washa pampu, isubiri inyamaze, kisha zima redio ukae kimya. Ikinguruma tena bila mtu kufungua bomba, presha inapotea mahali fulani, ingawa wakati mwingine ni valvu ya pampu yenyewe inayorudisha maji kwenye tangi. Sasa viringisha tishu kavu kwenye kila kiungo. Mimi ningeanzia kwenye kikombe cha chujio mbele ya pampu, hasa baada ya majira ya baridi, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9 na plastiki ile ni nyembamba. Ufa wake huwa kama unywele. Elekeza tochi ubavuni: tone linajitokeza chini ya pete ya kikombe, linateleza chini ya mpira, na linadondoka kwenye klipu inayofuata. Ndiyo maana klipu hulaumiwa bure.

Ukikuta hita ya Truma imejimwaga yenyewe chini ya gari usiku wa baridi, huenda hakuna kilichoharibika. Valvu yake ya usalama hufunguka joto likishuka hadi karibu 3°C, na haikubali kufungwa mpaka pawe na joto la kutosha.

Kinachovuja gari likitembea tu, chunguza matundu ya sakafu yaliyo karibu na magurudumu, na bomba la hewa la tangi lililojaa pomoni. Kinachovuja ukiunganisha bomba la kambini tu, angalia kidhibiti presha. Mifumo mingi haitaki zaidi ya bar 3 hivi.

Mvua ndiyo inayochosha. Maji huingia kwenye taa ya juu ya paa, yakafuata mbao ndani ya ukuta, yakatokea upande wa pili kabisa. Mwagia kwa mpira usio na presha, kuanzia chini kwenda juu, sehemu moja kwa dakika kumi, mwenzako akiwa ndani na tochi. Ukianzia paani kila kitu kitalowa na hutajifunza lolote. Na ukuta ulio nyuma ya godoro unaweza kuwa unatoka jasho tu: bandika karatasi ya nailoni usiku kucha, uzibe kingo zote. Unyevu ukiwa upande wa chumbani ni mvuke wa pumzi zenu. Ukiwa upande wa ukutani, kuna maji ndani.

Ukishapapata, piga picha kabla hujagusa kitu, ukiandika tarehe na hali ilivyokuwa. Bima nyingi hukataa kulipia uvujaji wa polepole, kwa hiyo toa taarifa mapema. Kazi ya gesi mwachie fundi mwenye leseni. Paa la mpira halitaki gundi yenye asili ya petroli, na sehemu ya zamani yenye silikoni isafishwe yote kwanza kwa sababu gundi mpya haishiki juu yake. Kisha fungua ubao uliolowa, ukaushe kwa mashine ya kuondoa unyevu, na usiurudishe mpaka kipimo cha unyevu wa mbao kishuke chini ya asilimia 15, hata kama likizo imekaribia.