Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kwa biashara ya huduma: namna kikundi kinavyoomba

Kila halmashauri nchini Tanzania inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Msingi wake ni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Mikopo hii ilisitishwa Aprili 2023, baada ya ukaguzi kuibua vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarejeshwa 2024 kwa kanuni mpya. Ndiyo maana uhakiki wa sasa ni mkali, na kikundi kinachotegemea mtindo wa zamani kinakwama mapema.

Anzeni na watu. Kikundi cha wanawake au cha vijana kiwe na wanachama wasiopungua 5. Watu wenye ulemavu wanaweza kuwa 2, na hata mmoja anaruhusiwa kuomba peke yake. Umri ni kuanzia miaka 18. Kwa vijana kikomo kimepandishwa kutoka 35 hadi 45. Wote wawe wakazi wa halmashauri hiyo, wasiwe na ajira rasmi, na wasiwe na deni la mkopo kama huu kupitia kikundi kingine. Msijaze nafasi ya tano kwa jina la shemeji ambaye hata kazi yenyewe haijui. Siku ya uhakiki ataulizwa, na ninyi wanne ndio mtakaobeba deni lake.

Mkishakubaliana, fanyeni kikao, chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, andikeni muhtasari na katiba. Vipelekeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kwani yeye ndiye mlango wa kila kitu: atasoma katiba, atawaelekeza kupata cheti cha utambulisho wa kikundi, na atawasaidia kujisajili kwenye mfumo wa Wezesha Portal. Kila mwanachama awe na namba ya NIDA. Halafu fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi.

Hapa ndipo wengi hukwama kwa jambo dogo. Cheti kinasema "Kikundi cha Tumaini", akaunti inasoma "Tumaini Group", muhuri nao una jina la tatu. Jina moja, herufi zilezile, kwenye cheti, katiba, muhuri, akaunti na mfumo. Majina ya wanachama nayo yaandikwe kama yalivyo NIDA, si kama wanavyoitwa mtaani.

Andiko la mradi ndilo linaloamua, na kwa biashara ya huduma lina ugumu wake. Mwenye duka ataonyesha mzigo rafuni. Mwenye saluni, ushonaji au ukodishaji wa viti hana cha kuonyesha isipokuwa vifaa na wateja. Kwa hiyo hesabu ya wateja ndiyo dhamana yenu ya kwanza. Msinunue andiko lililokwisha chapwa steshenari. Wakaguzi wamekwisha liona mara nyingi, na mkiulizwa bei iliyomo hamtaijua.

Tuchukue mfano wa kikundi kinachotaka kukodisha viti na maturubai kwa mkopo wa shilingi 6,000,000. Kila shughuli inachukua viti 150 kwa shilingi 400, yaani 60,000, na maturubai 2 kwa 50,000 kila moja: jumla 160,000. Shughuli 4 kwa mwezi zinaleta 640,000. Toa usafiri 100,000 na kodi ya stoo 50,000, zinabaki 490,000. Rejesho la miezi 15 ni 400,000 kwa mwezi, na kwenye karatasi linaonekana linalipika. Lakini ikifika Ramadhani au Kwaresima, harusi zinapungua. Masika nayo yana yake. Mkipata shughuli 2 tu, mapato ni 320,000, usafiri 50,000 na stoo 50,000, mnabaki na 220,000. Mwezi huo hamna rejesho.

Ombeni muda unaobeba miezi mibaya. Halmashauri ikikubali miezi 24, rejesho ni 250,000. Mwezi mbaya mtapungukiwa 30,000 tu, na mwezi mzuri mmoja unaacha 240,000 za kuziba pengo hilo, mradi msigawane yote. Muda ukigomewa, punguzeni kiasi: anzeni na turubai moja. Andikeni miezi hiyo mibaya waziwazi ndani ya andiko. Anayesoma ataona mnaijua biashara yenu, na hilo lina uzito kuliko faida iliyotiwa chumvi. Ambatisheni ankara kifani (proforma invoice) za vifaa kutoka kwa wauzaji halisi.

Maombi yakishaingia kwenye mfumo, kata huyachambua na kuwatembelea, kisha yanapanda halmashauri kwa uhakiki na uamuzi. Kwa kuwa fedha zinatokana na makusanyo ya halmashauri yenyewe, hazipo kila siku. Fuatilieni matangazo kwenye ofisi ya kata, na muwe na nyaraka zote kabla dirisha halijafunguliwa. Wanaoanza kufungua akaunti siku tangazo linapotoka huachwa nyuma karibu kila mara.

Mkipitishwa, mtapewa mafunzo, mtasaini mkataba, na fedha zitaingia kwenye akaunti ya kikundi. Someni tarehe ya rejesho la kwanza kabla ya kusaini. Hakuna "asilimia ya kushukuru" anayostahili mtu yeyote. Akiomba, TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113. Fedha zikiingia, nunueni vifaa vilivyoandikwa kwenye andiko, tunzeni risiti, na kila rejesho lilipwe kwa namba ya malipo ya serikali (control number), kamwe si mkononi mwa mtu. Kikundi kinachogawana fedha hizo siku ya kwanza, kila mtu na zake, hakina tena biashara ya pamoja, lakini deni bado ni la pamoja, na mwenye uwezo wa kulipa ndiye atakayeendelea kugongewa mlango.