Jinsi ya Kuisoma Draiva ya Feawei Inavyokomaa: Mwongozo kwa Wanaocheza Gofu ya Diski Nakuru na Kisumu

Katika gofu ya diski, mchezo wa kutupa diski hadi kwenye kikapu kwa mitupo michache iwezekanavyo, diski ya plastiki ya kawaida hupaa kwa namna moja ikiwa mpya, na kwa namna nyingine kabisa baada ya kugonga mikaratusi kwa miezi kadhaa. Mchezaji asiyelijua hilo huulaumu mkono wake, huanza kurekebisha mtupo ambao haukuwa na kasoro, kisha huagiza diski nyingine ambayo hakuihitaji. Mimi na wenzangu hapa Nakuru hutegemea diski tunazoletewa na jamaa wanaosafiri, na kwa sababu hiyo kila moja huishi nasi muda mrefu kuliko inavyoishi kwa mchezaji aliye jirani na duka. Tumelazimika kujifunza jinsi diski moja inavyobadilika, na ninaamini kwamba elimu hiyo ina faida kubwa zaidi kuliko kuongeza diski kwenye mkoba.

Draiva ya feawei ni diski iliyo kati ya ile ya masafa ya kati na ile ya masafa marefu. Kipenyo chake ni takriban sentimita 21, uzito wake kwa kawaida haupiti gramu 175 au 176, na ukingo wake una upana wa sentimita 1.6 hadi 2 hivi. Watengenezaji wengi huieleza kwa namba nne zinazofuatana: kasi, kuelea (yaani uwezo wa kubaki hewani), mpindo wa mwanzo na mpindo wa mwisho. TeeBird ya Innova, kwa mfano, hupewa 7, 5, 0 na 2, ilhali Leopard ya kampuni hiyohiyo hupewa 6, 5, -2 na 1. Nitazungumza kana kwamba msomaji hutupa kwa mkono wa kulia kwa mtindo wa bakhandi, yaani akiipitisha diski mbele ya kifua; mwenye kutumia mkono wa kushoto ageuze pande zote. Kwa mtupaji huyo, namba ya tatu ikiwa chini ya sifuri, diski huelekea kulia ikiwa bado na mwendo mkali, na namba ya nne huonyesha itakavyovutwa kushoto inapoishiwa na nguvu. Diski inayokataa kwenda kulia na kuvutwa sana kushoto nitaiita kaidi, na ile inayogeuka kulia kwa urahisi nitaiita legevu. Namba hizo zinaieleza diski ilipotoka kiwandani. Inapozeeka hakuna anayekuja kuzifuta na kuandika nyingine, hivyo kazi hiyo humwangukia mwenye diski.

Sababu ya mabadiliko iko kwenye pua, yaani sehemu ya ukingo iliyochomoza zaidi. Ukiinua diski mpya hadi usawa wa macho na kuitazama kwa ubavu, utaona mstari mwembamba unaouzunguka ukingo wote, mahali ambapo vipande viwili vya kalibu vilikutana. Kadiri mstari huo unavyokuwa juu kutoka chini ya diski, ndivyo diski inavyokuwa kaidi. Kadiri unavyokuwa chini, ndivyo inavyolegea. Sehemu hiyo ndiyo inayotangulia kugonga mti, jiwe na barabara ya marram. Kila pigo huibonyeza plastiki, huiviringa pua na kuishusha kidogo, na hewa inayokutana na diski hugawanyika mahali tofauti na pale pa awali. Ziweke diski mbili za aina moja, mpya na kuukuu, juu ya kioo cha meza na uzitazame kwa jicho lililo sawa na meza. Tofauti utakayoiona ni ndogo mno, lakini angani inatosha kuitupa diski mita kadhaa nje ya njia.

Inafaa kuelewa kwa nini jambo dogo hivyo lina nguvu hiyo. Kitu kinachozunguka hakiinami upande ule unaosukumwa, bali huinama robo mzunguko mbele yake. Diski yetu huzunguka kama mishale ya saa ikitazamwa kutoka juu. Inapokwenda kwa kasi, hewa huinua zaidi sehemu ya nyuma na hivyo kuusukuma ukingo wa mbele chini, na kwa sababu ya mzunguko diski huinama kulia. Inapopunguza mwendo na kuanza kushuka, kitovu cha nguvu ya kuinua husogea mbele, ukingo wa mbele husukumwa juu, nayo diski huinama kushoto. Pua iliyoshuka kwa kuchakaa huuongeza msukumo wa kwanza na kuupunguza wa pili. Ndiyo maana diski inayozeeka hubadilika mwanzoni na mwishoni mwa safari yake, na si sehemu moja pekee.

Kabla ya kuihukumu diski, ipime. Chagua uwanja tambarare kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, wakati upepo wa Bonde la Ufa haujaamka, na uchague alama iliyonyooka mbele yako, mathalani mlingoti wa goli. Irushe diski ikiwa sawa kabisa na ardhi, kwenye kimo cha bega, kwa nguvu unayoweza kuirudia bila kujikaza. Fanya hivyo mara 10, na kila mara uandike mambo matatu kwenye daftari: iligeuka kulia kiasi gani kabla ya nusu ya safari, ilirudi kushoto kiasi gani, na ilitua hatua ngapi kutoka kwenye mstari. Kisha rudia kwa diski ya aina hiyohiyo, yenye uzito uleule, ambayo haijachakaa. Bila diski ya kulinganisha, utakuwa unapima hali yako ya siku hiyo badala ya kupima plastiki.

Kuna kosa moja linalowapotosha wengi katika kipimo hiki, na ninalisisitiza kwa sababu liliwahi kunipotezea msimu mzima. Diski inayoyumbayumba inapotoka mkononi hugeuka kulia hata ikiwa mpya, na mtupaji huamini kwamba imechoka. Halikadhalika, diski iliyotupwa ukingo wa mbele ukiwa juu hupanda, husimama na kuanguka kushoto mapema, na mtupaji hudhani kwamba ni kaidi. Kwa hiyo zitazame mita 10 za kwanza kuliko unavyotazama mahali inapotua. Mtupo ulioyumba usiuandike kabisa.

Maisha ya draiva ya plastiki ya kawaida nimeyaona yakipita katika vipindi ambavyo havina mipaka mikali. Cha kwanza ni kifupi. Diski hufuata namba zake, huku ukingo ukiwa na makali madogo yaliyobaki kutoka kwenye kalibu, ambayo wakati mwingine huukwaruza kidole. TeeBird ikiwa katika hali hiyo hunyooka, kisha huvutwa kushoto kwa uhakika, na ni wakati mzuri wa kuitumia kwenye upepo wa mbele na kwenye njia zinazopinda kushoto. Usiwe na haraka ya kukimaliza kipindi hiki, kwa sababu hakirudi.

Kipindi cha pili ndicho chenye thamani kubwa. Mvuto wa kushoto hupungua, diski huanza kusafiri mbele hata baada ya nguvu yake kushuka, na ukiirusha ikiwa sawa inaweza kwenda kulia kidogo na kurudi karibu na mstari ilikoanzia. Kwa makadirio yangu, TeeBird iliyofika hapo hupaa kama diski ya 7, 5, -1 na 1, ingawa mtengenezaji hawezi kukuandikia hivyo. Inapita katikati ya safu mbili za miti kwa utulivu ambao ni vigumu kuupata kutoka kwa diski mpya ya aina yoyote, kwa sababu diski iliyoundwa kuwa legevu tangu mwanzo mara nyingi hugeuka ghafla, ilhali hii hugeuka polepole na hukupa onyo. Hapa badilisha kidogo namna unavyoiachia. Inamishe kwa pembe ya haiza, yaani ukingo wa nje ukiwa chini kidogo kuliko wa ndani, nayo itajinyoosha yenyewe ikiwa na kasi na kuendelea mbele. Anza na mwinamo mdogo sana, uuongeze wiki kwa wiki kadiri plastiki inavyozidi kulainika. Mchezaji anayeirusha diski hii kama alivyoirusha ilipokuwa mpya ataiona ikimtoroka kulia, na hilo si kosa la diski.

Katika kipindi cha tatu diski hugeuka kulia kwa nguvu za kawaida tu na hairudi tena, isipokuwa ukiianzisha kwa haiza kali. Nitarejea kwake mwishoni.

Muda wa kila kipindi hutegemea plastiki na ardhi. Plastiki ya bei nafuu, ile ambayo Innova huiita DX, hupata vibonyeo kwa mti mmoja tu, na inaweza kubadilika baada ya wikendi chache za kucheza msituni. Plastiki ngumu zaidi, kama Champion, huweza kukaa miaka bila tofauti kubwa. Kwa anayejifunza, napendekeza ya bei nafuu bila kusita, kwa kuwa humfundisha mambo ambayo ile ngumu huyachelewesha. Nakuru ina mawe ya volkano yanayokwaruza ukingo kama msasa, lakini mkwaruzo wa juu juu una athari ndogo kuliko pigo la moja kwa moja kwenye shina la mti.

Mwinuko wa mahali nao huingia katika hesabu. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu, ufukweni mwa Ziwa Victoria, iko takriban mita 1,130. Hewa nyepesi ya Nakuru huifanya kila diski ionekane kaidi zaidi: huelea kidogo, hugeuka kulia kidogo, na huvutwa kushoto mapema. Eldoret, iliyo juu ya mita 2,000, jambo hili huonekana zaidi. Kwa hiyo draiva iliyokomaa ambayo hunyooka vizuri kwetu inaweza kugeuka kulia waziwazi siku utakapoipeleka Kisumu. Ongeza hapo upepo unaotoka ziwani mchana: ukikupiga usoni, diski hupita hewani kana kwamba ina kasi kubwa zaidi, nayo hulegea, ukiwa mgongoni mwako, diski hiyohiyo huwa kaidi na kushuka upesi. Anayesafiri kutoka Nakuru kwenda kucheza Kisumu achukue draiva iliyo changa kwa hatua moja kuliko ile anayoitegemea nyumbani, na asubuhi arushe mitupo michache ya majaribio kabla upepo wa ziwa haujaanza.

Wapo wanaotaka kuharakisha ukomavu kwa kuipiga diski kwenye ukuta au kuiburuta kwenye saruji. Nawasihi waache. Pigo la ukutani huharibu sehemu moja ya ukingo na kuiacha nyingine, huku mchezo wa kweli ukiusambaza uchakavu pande zote kidogo kidogo. Tena, kanuni za PDGA, chama cha gofu ya diski kilichoanzishwa mwaka 1976 na Ed Headrick, haziruhusu kuigeuza diski kwa makusudi ili ipae tofauti na ilivyoundwa. Uchakavu unaotokana na kucheza unakubalika, na vilevile kupiga msasa kwa kiasi ili kulainisha mikwaruzo na kasoro za kalibu. Mimi hutumia msasa laini ulioloweshwa maji, na huondoa tu vile vinundu vinavyoweza kumkata mtu kidole. Ukiendelea kupita hapo, unaanza kuichonga pua.

Joto ni adui asiyepewa uzito unaomstahili. Gari lililofungwa madirisha Kisumu saa nane mchana linaweza kuipinda diski iliyobanwa chini ya mzigo, na diski iliyopinda huyumba angani hadi ukashindwa kuisoma. Ikitokea, au ikikunjika kwa kugonga mti, iweke kwenye maji ya moto kiasi ambayo mkono unaweza kuyavumilia, inyooshe taratibu, kisha iache ipoe juu ya sehemu bapa. Fanya kipimo cha asubuhi upya kabla ya kuiamini, kwani kuba la katikati likibadilika, kuelea kwake nako hubadilika.

Lengo langu kwa kila mchezaji ni kuwa na draiva tatu za aina moja zenye umri tofauti: changa kwa ajili ya upepo wa mbele na mipindo ya kushoto, iliyokomaa kwa njia zilizonyooka, na nzee kwa mipindo ya kulia. Mkono hushika umbo moja wakati wote, hivyo kinachobadilika ni mwinamo wa kuiachia tu. Iandike kila moja kwa kalamu ya wino usiofutika, upande wa chini, tarehe uliyoanza kuitumia, na uongeze alama ndogo kila inapovuka kutoka kipindi kimoja hadi kingine. Unapoongeza diski mpya, iliyokuwa changa hushika nafasi ya iliyokomaa.

Draiva ya kipindi cha tatu bado ina kazi. Irushe ikiwa imeinamishwa sana upande wa kulia ili itue kwa ukingo wake na kuviringika, nayo itapita chini ya matawi ya migunga ambako mtupo wa angani hauna nafasi. Kila baada ya wiki chache, ielekeze juani na uukunje ukingo wake polepole, sehemu baada ya sehemu, ukitafuta ufa. Diski yenye ufa au tundu hairuhusiwi katika mashindano, na ukingo uliopasuka huweza kumkata anayeudaka. Hiyo iondoe mkobani siku hiyohiyo.