Somo: Kujitengenezea kidhibiti cha SSD, na pale kinapokutoa jasho

Wengi huanza kwa kuulizia kasi. Kasi iache kwanza. Kazi hasa ya kidhibiti, yaani ubongo wa diski ya SSD (diski inayohifadhi data kwenye chipu), ni kujua kila kipande cha data kimelala wapi, na kutosahau hata umeme ukikatika ghafla.

Hatua ya 1: Bodi. Tumia FPGA (chipu unayoweza kuipanga upya saketi zake), usiwaze kuchonga chipu. Mradi wa OpenSSD, wa kujenga vidhibiti vya SSD, umeweka wazi kazi yake. Ipitie kabla hujaandika chochote.

Hatua ya 2: Zungumza na NAND, yaani chipu zinazohifadhi data. Soma kitambulisho cha chipu, kisha orodhesha bloku mbovu (bloku ni fungu la seli linalofutwa kwa pamoja). Kila chipu hutoka kiwandani na chache, na alama zake zimeandikwa humohumo ndani. Zisome KABLA ya kufuta chochote. Mimi siku ya kwanza nilifuta chipu nzima ili nianze na usafi, alama zikaenda nazo. Wiki mbili nikisaka kosa kwenye msimbo wa programu, kumbe naandika juu ya bloku mfu.

Hatua ya 3: Jedwali la anwani (FTL). Hapa ndipo penye shughuli. NAND huandikwa ukurasa mmoja mmoja lakini hufutwa bloku nzima, na ukurasa ulioandikwa hauandikiki tena mpaka bloku yake ifutwe. Tuseme ukurasa ni KB 16 na bloku ina kurasa 256, yaani MB 4. Kompyuta ikibadilisha KB 4 tu, huwezi kufuta MB 4 kwa ajili hiyo. Unaandika data mpya kwingine, unaelekeza jedwali huko, ya zamani inabaki taka. Taka zikizidi, unachagua bloku, unahamisha kurasa zilizo hai, ndipo unafuta. Kuhama huko ni kuandika ambako hakuna aliyekuomba, na kunakula uhai wa seli. Tenga nafasi ya akiba, na usiwe bahili.

Hatua ya 4: Kusahihisha makosa. SLC za zamani (biti moja kwa seli) zinatosheka na BCH, mbinu nyepesi ya kihesabu ya kusahihisha. TLC na QLC (biti tatu na nne kwa seli) zinataka LDPC, mbinu yenye nguvu zaidi.

Hatua ya 5: Kata umeme. Weka relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ikate umeme katikati ya kuandika, usiku kucha. Kwenye baiti za ziada za kila ukurasa andika anwani yake na namba ya mfuatano, ili jedwali likipotea uweze kulijenga upya.

Maswali

*Mkuu, RAM ni lazima?*
Piga hesabu: TB 1 kwa vipande vya KB 4 ni takribani milioni 250, anwani ya kila kimoja inakula baiti 4 za jedwali, hiyo ni GB 1. Usipoiweka, utasoma jedwali kwa mafungu kutoka NAND, au uazime RAM ya kompyuta. NVMe, kanuni za mazungumzo kati ya kompyuta na SSD, inaruhusu tangu toleo la 1.2.

*Mbona yangu inaanza kwa mbio, halafu inazubaa?*
Bloku tupu zimekwisha. Sasa kila unapoandika unasubiri taka zisafishwe. Anza kusafisha mapema, wakati diski imetulia.

*Na mimi nimeshafuta zile alama. Nifanyeje?*
Pole, ndugu. Futa, andika, soma kila bloku, rudia chipu ikiwa ya moto na ikiwa baridi. Nyingi utazinasa. Zile za kusuasua zitapita mtihani, kwa hiyo chipu hiyo ibaki ya mazoezi tu.